Upande wa Pili wa Santuri: Dar mpaka Nairobi kwa Kufuata Gitaa

Alhamisi, Dar es Salaam

Begi liko tayari tangu mchana. Nguo chache, kitenge cha kujifunika kwenye basi, vidonge vya presha, hedifoni, na kanda moja ya kaseti ambayo sijui kama bado inalia. Shule imefungwa, mitihani ya kidato cha pili nimeshaisahihisha, na mume wangu amekubali kubaki na watoto kwa sharti kwamba nikirudi nisimletee habari za Sikinde, yaani Mlimani Park, bendi yangu. Yeye ni wa Msondo, wapinzani wetu. Ndoa yetu imehimili hilo, ingawa kuna Jumapili chache zimekuwa ngumu. Nikimtajia mwimbaji Gurumo upande wangu, ananikumbusha kwamba Gurumo alitoka kwao na mwishowe alirudi kwao. Ni kweli. Mzee yule aliimba NUTA Jazz, ndiyo Msondo ya leo, akaenda Mlimani Park ilipoanzishwa 1978, akaondoka 1985 na wenzake kwenda Safari Sound, akamalizia Msondo. Ubishi wa aina hiyo hauna refa.

Safari hii imeletwa na harusi. Mwezi uliopita, Mbagala, DJ aliweka kibao cha Mlimani Park. Kina mama wakavua viatu, wakaingia kati. Waimbaji wakamaliza kisa chao, magitaa yakaanza kujipanga kuingia kwenye chemko, na hapo hapo jamaa akakata, akaweka kitu kingine. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi na hasira hata sijui niiweke wapi. Jirani yangu mezani alidhani nimepigiwa simu ya msiba.

Kilichonishangaza ni hasira yenyewe. Kwa miaka kadhaa muziki ulikuwa umenitoka kabisa. Nilikuwa nawasha simu iimbe naosha vyombo, inajichagulia yenyewe, wimbo unapita, unakuja mwingine, na ukiniuliza nusu saa baadaye nilisikia nini, sina jibu. Nikajiambia ni umri, na sauti za darasani kutwa nzima. Lakini mtu asiyependa tena hawezi kukasirika kiasi kile kwa wimbo kukatwa.

Kwa wadogo ambao hawakulelewa na dansi: wimbo wa zamani wa bendi ulikuwa na vipande viwili. Kwanza kisa, polepole, mtu analalamikiwa au anaonywa. Kisha waimbaji wanapungua, magitaa yanashika usukani, tarumbeta na saksofoni zinajibizana, tumba zinapanda. Hiyo ndiyo chemko, na watu walilipa kiingilio kwa ajili yake. Redio Tanzania ilizirekodi nyimbo hizi nzima nzima, bendi yote studio kwa pamoja, kwenye mikanda ile mikubwa ya mizunguko. Santuri ndogo ya 45 haikuweza kubeba urefu huo. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili nyuma. Mwenye haraka alisikia kisa tu, basi. Chemko ilikuwa ya yule aliyeinuka kwenye kiti akaenda kugeuza.

Nataka kupita walikopita wapiga gitaa wetu: Morogoro, Tanga, Mombasa, Nairobi. Walielekea kaskazini kwa sababu ya kawaida sana. Nyimbo zilirekodiwa Dar, lakini kiwanda cha kuchapa santuri kilikuwa Nairobi.

Na niseme ladha yangu mapema. Watu husikiliza sauti, au solo. Mimi nasikiliza rizimu. Gitaa la rizimu ni figa la tatu: hakuna anayelisifia, ila liondoe uone sufuria itakwenda wapi. Kinanda cha umeme kilichoingia kwenye bendi miaka ya 90 sikipendi hadi leo, na sitegemei kubadilika.

Ijumaa, Morogoro

Treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria 2024, inakufikisha Morogoro chini ya saa mbili. Nilikuwa nimepanga kusikiliza nyimbo nyingi njiani. Nimesikiliza mbili, kila moja mpaka mwisho, na simu nimeifungia kwenye mkoba isinishawishi. Pugu imepita, Soga, Ruvu, mashamba, na kijana wa kiti cha pili ananitazama kwa sababu nagonga meza kwa kucha. Mpaka Ngerengere nilikuwa sijachoka, jambo ambalo miezi michache iliyopita nisingeamini.

Morogoro ni mji ambao ukubwa wake na sifa zake za muziki havilingani. Chini ya milima ile ya Uluguru kulikuwa na bendi mbili ambazo nchi nzima ilizifuata. Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki kwa ajali ya gari 1965 na Juma Kilaza akaishika bendi. Na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, kijana aliyekuja kuifanya ijulikane mpaka Japani. Mwaka 1970 walikwenda kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka. Jaribu kuwaza: sululu, mtindo wao wa Morogoro, ikipigwa Osaka.

Jina la Cuban Marimba halikuokotwa. Tangu miaka ya 30, kampuni ya HMV ilikuwa inaleta Afrika santuri za Kikuba zenye namba zinazoanza na herufi GV. Wazee walizicheza bila kuelewa neno hata moja la Kihispania, wakachukua mapigo, wakaweka Kiswahili juu yake. Ukizisikiliza nyimbo za Salum Abdallah leo, unasikia bado mtu anayefurahia kitu kipya. Sauti yake haina haraka. Anaimba kana kwamba ana mchana mzima.

Kanda yangu niliipeleka kwa fundi redio karibu na soko la Chifu Kingalu. Mzee wa makamo, kofia ya kufuma, meza imejaa matumbo ya redio. Akaigeuza kanda mara mbili bila kusema kitu, akafungua skrubu tano ndogo, akaitenganisha. Ndani, kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi kilikuwa kimebanduka na kulala pembeni. Ndiyo maana ilikuwa inanong'ona. Akachuna kisponji kutoka kanda nyingine iliyokufa ya mahubiri, akakibandika kwa tone la gundi, akapuliza. Kisha akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akasugua hedi ya redio yake. Pamba ikatoka na rangi ya kahawia.

"Huu ni uchafu wa nyimbo za watu," akasema. "Kanda haifi, mama. Mashine ndiyo inayochoka."

Akabonyeza. Mvumo kwanza, halafu sauti ya mtangazaji ikimalizia sentensi (zilikuwa zinarekodiwa nyumbani kutoka redioni, nani angesubiri mtangazaji anyamaze), halafu Super Volcano. Bendi hiyo Mbaraka aliianzisha 1973 baada ya kuiacha Morogoro Jazz. Fundi hakurudi kwenye kazi yake. Alisimama na bisibisi mkononi mpaka solo ikaisha, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba kutwa: kwamba Mbaraka anapopiga solo, usimsikilize yeye, wasikilize wanaomngojea. Nikarudisha nyuma. Kweli, wale wengine hawamkimbilii. Wanamwekea uwanja, wanarudia kilekile, kwa nidhamu ya hali ya juu, na yeye anakwenda anakotaka kwa sababu ana uhakika atawakuta walipo.

Nikamlipa. Alitaka kidogo mno. Nikamwongezea, akakataa, nikamwachia kwenye meza, tukaagana hivyo.

Jumamosi, njiani kwenda Tanga

Msamvu asubuhi, makonda wanagombania begi langu. Basi lina televisheni, na televisheni ina sauti. Filamu ya ngumi mpaka Chalinze, kisha Bongo Fleva mpaka Segera.

Sina ugomvi na Bongo Fleva. Wanafunzi wangu wanaijua kuliko wanavyoijua jiografia, na baadhi ya vijana wale wanaandika mashairi safi. Tatizo langu ni kwamba wimbo unakwisha ndiyo kwanza nakaa vizuri. Singeli ndiyo nimejikuta naipenda, na najua wenzangu wa rika langu watanicheka. Lakini sikilizeni vizuri ile ya uswahilini, Manzese na Mbagala. Wale watoto wamechukua chemko, wamelitupa lile kisa la mwanzo, wameongeza mwendo maradufu, na mara nyingine chini yake kuna kipande cha taarabu kinazunguka kwa kasi ya ajabu. Ni upande wa pili wa santuri peke yake, bila wa kwanza.

Muheza, machungwa dirishani. Nimenunua mfuko mzima kwa ajili ya shangazi. Kange tumeingia alasiri.

Jumapili, Tanga

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Ana umri ambao hautaji, magoti yanamsumbua, na anaamka alfajiri kuliko mimi. Chai ya tangawizi, maandazi, na kabla sijamaliza kikombe cha kwanza ameniuliza:

"Kwa hiyo mwanangu umefunga safari yote hii kutafuta nyimbo? Nyimbo si ziko kwenye simu?"

Nikamweleza habari ya chemko, ya rizimu, ya yule DJ. Alinisikiliza kwa heshima ambayo watu wazima huwapa watoto wanaoeleza ndoto.

Tanga ya ujana wake ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hukuweza kuwa wa zote mbili. Jamhuri ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, maana mashamba ya mkonge yalileta huku watu kutoka bara, nao hawakuacha ngoma zao nyumbani. Mtindo wao wakauita Toyota, gari lililokuwa jipya machoni pa watu. Shangazi alikuwa Atomic. Nilipotaja Jamhuri alifanya ule mdomo wake.

"Hao walikuwa wanapiga vizuri," akasema, na nilijua sifa hiyo imemgharimu.

Kutoka Jamhuri ndimo walimotoka ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga. Walihamia Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz, na 1971 wakavuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Shangazi anawakumbuka kama "wale vijana walioondoka". Kenya nzima iliwaimba, Tanga wamebaki kuwa vijana walioondoka.

Lakini somo langu la leo halikuwa la dansi. Mchana, baada ya kula, ameniambia nimtafutie Shakila kwenye simu. Nikaona uvivu, kwa sababu taarabu sikuwahi kuipa nafasi. Nilikuwa naihesabu kuwa muziki wa kukaa kwenye viti na kuringa. Tena taarabu ya Tanga siyo ile ya Unguja yenye ala ya kanuni na fidla nyingi. Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa mjini, waliingiza gitaa na besi, wakafupisha, wakaweka mwendo wa kuchezeka. Shakila Said aliimbia vyote viwili, na alipofariki 2016 redio zilimlilia kwa siku kadhaa.

Wimbo ukaanza. Mimi, kwa mazoea, nikaenda moja kwa moja kwenye gitaa, nikaanza kumwonyesha shangazi: sikiliza hapa, sikiliza anavyorudi. Akaniwekea kiganja juu ya mkono.

"Wewe unasikiliza gitaa. Sisi tulikuwa tunasikiliza anaambiwa nani."

Kisha akanionyesha. Akasimama, magoti na yote, akatoa noti ya elfu mbili kwenye pindo la kanga, akaikunja kwa urefu, akaishika kwa vidole viwili juu kidogo ya bega. Akatembea sebuleni kutoka kochi mpaka kabati, polepole sana, mabega yanakwenda na besi, macho hayamtazami mwimbaji asiyekuwepo. Yanatazama pembeni, kwenye kiti cha plastiki kilicho kitupu. Pale ndipo alipokaa huyo mwanamke. Mstari unaomhusu ulipofika, akageuka, akaitunza ile noti hewani, na akarudi kukaa bila kusema neno. Niliogopa. Sijui mwanamke wa kiti kile alifanya nini mwaka gani, lakini leo amelipwa mbele yangu.

Tumeurudia wimbo ule mpaka jua likapungua. Kila mara nasikia mashairi ambayo mwanzo sikuyaona. Si kwamba nimeacha rizimu. Ila nimeelewa kwamba shangazi alikuwa anacheza chemko yake ndani ya kisa chenyewe, mahali ambapo mimi huwa napita haraka nikisubiri magitaa.

Noti ya elfu mbili amenipa nikanunue vocha.

Jumatatu, Horohoro na Likoni

Siku ya foleni. Horohoro upande wetu, Lungalunga upande wao, muhuri huku, muhuri kule. Mpaka huu ulifungwa 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ukaja kufunguliwa 1983. Wanamuziki wetu waliokuwa Kenya miaka hiyo, wengi walibaki kule, wakaoa, wakazaa, wakazikwa.

Ukunda joto. Likoni tumeshuka, tumevuka kivuko kwa miguu pamoja na umati, begi kichwani.

Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari hapa Mombasa, Januari 1979, akiwa hajafikisha miaka 35. Mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu niliyesoma naye, aliniuliza kama ninataka kutafuta mahali penyewe. Sikutaka. Tumekula samaki wa kupaka tukalala.

Jumanne, Mombasa

Mji wa Kale asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nimekaa barazani kwa muuza kahawa, kikombe kidogo, kahawa tungu, kipande cha halua kwenye karatasi. Kutoka dirisha la juu kuna mtu ameweka taarabu ya Juma Bhalo. Nilimjua Bhalo kwa jina tu. Sauti ile inapanda, inajikunja, inateremka kwa ngazi ndogo ndogo, na nikaanza kujiuliza wapi nimewahi kuisikia hiyo lahani.

"Filamu ya Kihindi," muuza kahawa akasema, kabla sijauliza. Kumbe niliuimba kwa midomo. "Huyu wamjua? Bhalo. Alitwaa lahani, maneno akatia yake. Nyie wa Tanzania mwapenda magitaa, sivyo, dadangu?"

Nikamkubalia. Akanimiminia kikombe kingine, akanihadithia kwa dakika ishirini bila kumwacha mteja hata mmoja. Bhalo amefariki 2014. Zein l'Abdin, aliyetoka Lamu na udi wake, 2016. Zuhura Swaleh na wenzake waliokuwa na tashkota, kile chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vitufe, ambacho huku pwani kilipata makazi kana kwamba kimezaliwa Kisauni. Akaniuliza kama bado nina nafasi tumboni ya kashata.

Halafu Assanand. Duka la familia hiyo lilikuwa mlango wa muziki wa pwani: waliuza santuri, wakaanza kurekodi wenyewe, na lebo yao ya Mzuri ikasambaza taarabu ya Mombasa na Tanga mpaka Ghuba. Hapo ndipo picha ya njia hii iliponikamilikia. Nilidhani nafuata gitaa kwenda kwenye kiwanda. Kumbe nyimbo za wanawake wa shangazi nazo zilipita humu humu, zikavuka bahari, na kuna mtu Muscat ana santuri ya Tanga kabatini.

Jioni nimejaribu kumsikiliza Zein kwa hedifoni, peke yangu, dirishani. Udi peke yake na sauti. Hakuna rizimu, hakuna besi ya kuegemea. Dakika tano za kwanza nilihangaika. Nikaacha kutafuta kitu, nikamwachia anipeleke. Bado siyo muziki wangu, lakini sikuuzima.

Jumatano, treni ya Nairobi

Mombasa mpaka Nairobi, reli iliyofunguliwa 2017, takriban saa tano au zaidi kidogo kutegemea umepanda ipi. Baada ya Mariakani nchi inakuwa kavu na nyekundu. Voi, Tsavo, tembo wawili wa rangi ya udongo, abiria wote upande mmoja wa behewa.

Siku hii nilikuwa nimeitunzia Les Wanyika.

Mwaka 1978 sehemu ya Simba Wanyika ilijitenga. Waliotoka walikuwa ni wale wa chini kabisa wa muziki: besi ya Tom Malanga, ngoma za Rashid Juma, na rizimu ya Omari Shabani, ambaye watu walimwita Profesa. Angalieni hilo. Ukiulizwa nani nguzo ya bendi utataja mwimbaji, utataja solo. Hawa waliondoka na sakafu. Wakampata John Ngereza, sauti na gitaa, na "Sina Makosa" ikawafanya wajulikane kila mahali panapozungumzwa Kiswahili, na kwingine ambako hakizungumzwi.

Wimbo huo nimeusikia maisha yangu yote. Kwenye harusi, kwenye baa, kwenye matangazo. Nilikuwa nimeshaufanya kuwa fenicha. Leo nimeukalia chini kutoka Voi, nikamfuata Shabani peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Anachofanya ni kidogo. Anapiga kifungu, anakirudia, anakirudia tena, mkono hauchoki, hauongezi mbwembwe. Besi inasema maneno mawili matatu kisha inanyamaza, na katika ukimya ule wa besi ndipo rizimu yake inaposikika wazi, kavu, safi, kamili. Ngereza analalamika juu yake kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufika mwisho wa mabishano. Nikakumbuka fundi wa Morogoro: wasikilize wanaongojea.

Nikamsikiliza pia anaambiwa nani. Kisa cha wanaume wawili, kila mmoja ana wake nyumbani, wanachukiana kwa ajili ya mtu ambaye si wa yeyote kati yao, na anayelaumiwa anajitetea. Miaka yote hii nacheza wimbo ule harusini, mbele ya maharusi! Shangazi angecheka mpaka akohoe.

Nilipoinua macho tulikuwa tumepita Mtito Andei. Mama wa kiti cha mbele akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana, nikampa hedifoni moja, akaitikia kwa kichwa, tukaenda hivyo mpaka betri ikaisha.

Alhamisi, Nairobi

Baridi ya Juni hapa si ya mchezo. Nimenunua sweta kabla ya kitu kingine.

River Road nimepita asubuhi. Miaka ile huku ndiko kulikokuwa na maduka ya santuri, lebo na madalali wa nyimbo. Leo ni simu, vifaa vya umeme, mizigo, makelele, mikokoteni. Sikuhuzunika sana. Barabara ina haki ya kufanya kazi nyingine.

Kenyatta Market ni habari tofauti. Unapita kwenye moshi wa nyama choma, unapita kwa kina dada wa kusuka wanaokushika mkono ("auntie, kuja nikutengeneze"), na katikati ya vibanda hivyo kuna mahali santuri zimepangwa mpaka darini. Harufu ya karatasi ya zamani na vumbi. Nimekaa humo kuanzia kabla ya chakula cha mchana na nimetoka wanafunga.

Santuri za 45 ziko kwenye masanduku, nyingi hazina hata mfuko. Unazipekua kwa kidole kimoja, moja moja, unasoma lebo. Nimeziona Simba Wanyika. Nimeona ule mfululizo wa albamu za Mbaraka, Ukumbusho, uliotolewa baada ya kifo chake. Nimeona Western Jazz na mtindo wao wa saboso, nimeona Kilwa Jazz, na kila lebo imeandikwa kwa wino mdogo kwamba imetengenezwa Kenya. Muziki wa nyumbani, na imenibidi nivuke mpaka kuugusa kwa mkono.

Kisha Jamhuri Jazz. Lebo imefifia, mtu ameandika jina lake kwa kalamu ya bluu ubavuni, na chini ya jina la wimbo: sehemu ya 1. Nikaigeuza. Sehemu ya 2.

"Hiyo iko na mikwaruzo kiasi," kijana wa dukani akasema, "lakini inacheza poa. Nikuwekee?"

"Weka. Anza na upande wa nyuma."

Akanitazama. "Auntie, watu huanza mbele."

"Najua."

Tundu la katikati la santuri zile ni pana, kwa hiyo akachukua kile kiduara cha plastiki, akakipachika, akaiweka juu ya mashine, akapuliza vumbi, akashusha sindano. Mikwaruzo kwanza. Halafu bendi inaingia ikiwa tayari iko kazini, katikati ya mwendo, bila salamu, kwa sababu salamu ziko upande wa pili. Magitaa matatu. Solo inatangulia, la kati linamjibu, na rizimu chini yao, kulia kidogo kuliko nilivyozoea, ina sauti ya bati. Kijana akaanza kugonga kaunta. Mteja mwingine, mzee wa koti la suti, akaacha kupekua.

"Sasa tuwekee mbele," nikasema ilipoisha.

Akaweka. Na safari hii nilitulia kwenye kisa, neno kwa neno, nikawa sina haraka ya kufika kokote. Mzee wa koti akataka kujua bendi gani. Nikamwambia. Akasema kwao walikuwa wanaidhania ya Mombasa. Tukabishana kwa raha mpaka kijana akatuombea chai.

Bei sikuipenda, na nyumbani sina mashine ya kuichezea. Nimenunua hiyo moja tu. Shangazi akijua kwamba katika santuri zote za Tanga nimeinunua ya Jamhuri, atanisema mwaka mzima.

Ijumaa, Namanga

Basi limetoka Nairobi alfajiri. Namanga, ofisi za nchi zote mbili ziko jengo moja siku hizi, unagongewa hapa, unahamia dirisha la pili. Begi likafunguliwa. Ofisa akaitoa santuri, nimeifunga ndani ya sweta na gazeti, akaishika kwa kingo. Kumbe anajua kuishika.

"Mama, hii ni mzigo wa biashara?"

"Hapana baba. Ni wimbo."

"Wimbo mmoja?"

"Mmoja, lakini una pande mbili."

Akasoma lebo, akaniuliza kama nimempata na Marijani Rajabu. Nikamwambia sikumpata. Akasema nikipita tena nimtafutie, yeye atalipa. Akaifunga mwenyewe kwenye sweta, vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi. Basi linapiga honi, dereva keshaweka filamu ya ngumi.